Amri ya Kunyamaza

Serikali ilifika. Tusije tukaambiwa kesho kwamba tulisema haikufika. Ilifika na magari, ikafika na mahema meupe, ikafika na vizibao vya rangi ya chungwa vyenye mistari inayong'aa, na ndani ya kila kizibao palikuwa na mtu anayemwuliza mwenzake ufunguo wa gari uko wapi. Aliyechelewa kufika ni mtu wa kusema, haya, chimbeni.

Mtu huyo ndiye ambaye mke wa dobi alikuwa akimtafuta. Tetemeko lilipopiga, yeye na bintiye Kidosho walikuwa wamepeleka mashuka hospitalini, yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamefungwa mafungu mafungu. Walirudi mbio mtaa ukiwa bado unatoa vumbi, wakakuta jengo lao la ghorofa tatu limekaa chini kama mtu aliyechoka kusimama. Wapangaji wa juu wote walikuwa wameshatoka kwenda makazini. Chini, kwenye chumba cha kufulia, walibaki wawili: Dobi mwenyewe, aliyekuwa kwenye pasi, na mama yake mzazi, Bimkubwa, aliyekuwa akirudishia vifungo vya mashati ya wateja.

Na walikuwa hai. Hilo si la kubahatisha. Siku ile ile mke wa dobi alilala kifudifudi juu ya kifusi akasikia gon, gon, gon, chuma juu ya chuma. Muuza mkaa wa jirani akasikia. Fundi baiskeli akasikia, akavua shati akaanza kuchimba. Walichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, wakafika kwenye bamba la zege ambalo hata mtaa mzima usingelitikisa. Bamba lile lilitaka jeki kubwa, na jeki kubwa zilikuwa za jeshi.

Basi asubuhi ya pili mke wa dobi akaenda kwenye mahema, kanga kiunoni, vumbi kichwani, Kidosho nyuma yake.

Hema la kwanza lilikuwa la manispaa. Karani alimtazama akamtazama tena.

"Nyumba yako iko upande gani wa mtaro, mama?"

"Mtaro gani?"

"Mtaro ni mmoja. Upande huu ni kwetu, ule ni kwa halmashauri ya pili."

"Iko juu ya mtaro. Imeangukia huku na huku."

"Mlango unaangalia wapi?"

"Mlango!" Mke wa dobi akapiga makofi mara moja kwa kustaajabu. "Baba, mlango hauangalii popote. Umelaliwa na nyumba."

Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni walicheka, na karani, ambaye labda hakuwa mtu mbaya, akaona amefanyiwa dhihaka mbele ya watu. Akamwambia akae pembeni. Akakaa pembeni. Wenzake wakapita, wenye maji ya chupa wakapata maji yao, wenye blanketi wakapata blanketi, na yeye bado amekaa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Alipoona danadana zinazidi, akainuka bila kuaga.

Jeshini walimpokea vizuri. Askari mmoja alimpa hata kiti. "Jeki tunazo, mama. Vijana tunao. Tatizo, sisi hapa ni wageni. Hatugusi jiwe mpaka kamati ya maafa ituombe."

Kamati ya maafa nayo ilikuwa tayari kuomba, tena kwa moyo mkunjufu. "Lakini kwanza zimamoto wathibitishe uhai."

"Uhai nimeshauthibitisha mimi. Nimemsikia mume wangu kwa masikio haya."

"Masikio yako ni ya familia, mama. Hayahesabiki."

Hapo Kidosho aliangua kilio, na mama yake akamshika mkono kwa nguvu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wakilia hapa wataambiwa waende hema la wanaolia.

*

Kuthibitisha uhai ni kazi yenye utaratibu wake, na tuseme ukweli, ni utaratibu wenye akili. Wanazima mashine zote. Wanafunga barabara pande mbili. Watu wanaamriwa kunyamaza, kisha wasikilizaji wawili wanaweka vyombo vyao juu ya kifusi na kuinamisha vichwa. Wakisikia chochote, kugonga, kuguna, kukwaruza, jeshi linaitwa. Wasiposikia, wanarudia mara moja tu. Wasiposikia tena, jengo linakabidhiwa katapila.

Na katapila lilikuwa limeshafika. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya kifusi cha dobi, dereva wake juu, miguu ameiweka kwenye usukani. Barabara ile ndiyo iliyokuwa inakwenda hospitalini, na waziri alikuwa njiani kuja kuwapa pole majeruhi. Isingewezekana mheshimiwa aruke mawe kama mbuzi.

Afisa aliyesimamia kazi alikuwa bwana mmoja mrefu, mtanashati, ambaye kizibao chake kilikuwa kipya kuliko vya wengine wote, na watoto wa mtaani walikuwa wameshambatiza jina: Kizibao. Pamoja naye alikuwepo Sajini wa zimamoto, mama mtu mzima, macho mekundu kwa kukosa usingizi, sauti imekauka. Sajini ndiye aliyekuwa mmoja wa wale wasikilizaji wawili. Alimwuliza mke wa dobi swali moja tu.

"Mara ya mwisho umemsikia lini?"

"Sasa hivi! Nimetoka kule juu sasa hivi, amegonga."

"Basi tutampata," alisema Sajini.

Kizibao akakishika kipaza sauti. Mtaa ule ulikuwa umemsumbua tangu asubuhi. Kila akiomba utulivu kulikuwa na mtu anakohoa, mwingine anauliza maandazi, mwingine anaita mtoto. Kwa hiyo safari hii alikuwa ameamua kuonyesha makali.

"Tangazo! Tangazo! Hii ni amri ya serikali! Kila mtu anayenisikia anyamaze! Hakuna kuongea! Hakuna kugonga kitu chochote! Hakuna kusogea! Narudia, ni amri, na atakayeivunja atachukuliwa hatua kali!"

Sauti ile iligonga kuta zilizobaki ikarudi. Fundi baiskeli alikuwa ameinua mguu, akaubakiza hewani. Katapila lilizimwa. Mtoto akazibwa mdomo na nyanya yake.

Wasikilizaji wakainama. Mke wa dobi alisimama kwenye kamba waliyoifunga kuzuia watu, roho mkononi, akimwambia mumewe kimoyomoyo, gonga, baba Kidosho, ndio sasa, gonga. Aliuona mgongo wa Sajini umetulia tuli. Aliona mkono wa msikilizaji wa pili ukizungusha kitufe cha chombo chake, mbele, nyuma, mbele. Kisha Sajini akainua uso, akatikisa kichwa.

"Haiwezekani," alisema mke wa dobi.

"Mama, umeambiwa usiongee," alisema Kizibao.

Wakarudia. Tangazo lile lile, maneno yale yale, na safari hii kwa ukali zaidi. Kimya kikaja tena, kimya cha kutisha, mpaka ukasikia turubai za mahema zikipigwa na upepo kule mbali. Hakikusikika kitu. Sajini alikaa pale ameinama kwa muda mrefu kuliko ulioruhusiwa, na Kizibao akatazama saa yake, akamgusa bega.

Kizibao alimfuata mke wa dobi, akavua kofia. "Pole sana, mama. Tumefanya tulichoweza. Mungu amewapenda zaidi." Nyuma yake alikuja kijana wa kamera, na mwingine mwenye boksi la biskuti. Wakampa pakiti moja. Wakamwomba aishike vizuri, picha itoke. Akaishika. Hata yeye mwenyewe baadaye hakujua kwa nini aliishika.

Dereva wa katapila akashusha miguu kutoka kwenye usukani, akawasha mashine.

*

Watu wakaanza kuongea tena, wote kwa mpigo. Wengine walikuwa wanamlilia Bimkubwa, ambaye alikuwa na ulimi mkali na mtaa mzima ulikuwa umeshatukanwa naye angalau mara moja kila mtu, na kwa sababu hiyo ulimpenda. Katapila lilikuwa linanguruma, bado linapata moto. Mke wa dobi alipita chini ya kamba, hakuna aliyemwona, akajitupa juu ya kifusi pale pale alipokuwa akilala tangu jana, sikio kwenye nondo iliyochomoza.

Gon. Gon. Gon.

Aliinua kichwa. Alidhani ni moyo wake. Akarudisha sikio. Gon, gon, gon, taratibu, kwa mpango, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wakubwa.

"Anagonga!" alipiga kelele. "Anagonga jamani! Njooni!"

Sajini alikuja mbio. Kizibao akaja nyuma yake, mikono juu. "Zima mashine! Nyamazeni! Hakuna kugonga! Amri!" akafoka kwenye kile kipaza sauti chake. Na mke wa dobi, sikio lake likiwa bado kwenye chuma, akasikia jambo ambalo hakulitegemea. Ile gon ya tatu ilikatika katikati. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa ameinua nyundo akaishusha taratibu, asionekane.

Sajini alisikiliza. "Hakuna kitu, mama."

Mke wa dobi akaketi juu ya kifusi, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakachora mistari miwili kwenye vumbi la uso wake, na Kidosho akajua mama yake ameshapotewa na akili, akaanza kumwita kwa hofu.

"Sina wazimu," alisema mke wa dobi. "Anatii. Jamani, mume wangu anatii amri!"

"Nini?" alisema Kizibao.

"Unamwambia asigonge, hagongi! Unamwambia ni serikali! Wewe humjui yule mtu. Yule ukimwandikia usikanyage majani, anazunguka uwanja mzima. Mwaka juzi askari wenu wa manispaa alimkamata kwa kuanika nguo barabarani, akamwambia, subiri hapa, nakuja. Askari akaenda kula, akasahau, akaenda zake nyumbani. Mimi nilimkuta mume wangu jioni amesimama pale pale! Nikamwuliza, baba Kidosho, unafanya nini? Akaniambia, nimeambiwa nisubiri."

Baadhi ya watu walicheka, maana kisa hicho mtaa mzima ulikuwa unakijua na Dobi alikuwa ametaniwa nacho mpaka basi. Wengine hawakucheka. Fundi baiskeli alisema kwa sauti, "Ni kweli kabisa, yule bwana ndivyo alivyo."

"Mtangazie agonge," alisema mke wa dobi. "Ndilo ninaloomba. Neno moja tu."

Kizibao alishusha pumzi kama mtu anayezungumza na mtoto. "Mama, maneno ya tangazo yametoka makao makuu. Siwezi kuyabadilisha hivi hivi. Nikisema gongeni, mtaa mzima utagonga. Kubadilisha maneno ni mpaka mkurugenzi."

"Mkurugenzi yuko wapi?"

"Yuko kwenye msafara wa mheshimiwa."

"Mpigie simu!"

"Mitandao imeanguka, mama, hujui kuna tetemeko?"

Ukweli ni kwamba Kizibao aliogopa. Tusimwonee. Alikuwa amepewa barabara aifungue kabla msafara haujafika, na ving'ora vilishaanza kusikika kwa mbali. Alikuwa na mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa na mkubwa wake, na katika ngazi ile yote hapakuwa na hata mmoja ambaye angemwuliza siku moja kwa nini hukutangaza agonge. Wangemwuliza kwa nini barabara haikufunguliwa. Akamwashiria dereva kwa kidole.

"Anza."

Mke wa dobi alishuka kutoka kwenye kifusi, akaenda akaketi mbele ya katapila, miguu kainyoosha kama yuko kwenye mkeka wake. Kidosho akaenda akaketi karibu naye. Dereva akachungulia kutoka juu.

"Shemeji, mimi ni mwajiriwa tu. Nikiambiwa washa, nawasha."

"Na ukiambiwa ua?"

Dereva akafuta jasho, akazima mashine, akasema ina shida ya dizeli. Tangi lilikuwa limejaa, tuliliona likijazwa asubuhi.

Askari wawili wakaja kumwinua mke wa dobi. Walimshika makwapani, naye akajilegeza, akawa mzito. Kanga ikamfunguka, watu wakaona gauni lake la ndani lililochanika, na Kidosho akalia akijaribu kumsitiri. Katika vurumai ile mke wa dobi alikwapua kipaza sauti kilichokuwa kikining'inia begani mwa Kizibao, akakibonyeza.

"Baba Kidosho, gonga! Ni mimi! Gong—"

"Mama, hairuhusiwi!" alifoka askari, na kipaza sauti, ambacho hakichagui maneno, kilipeleka yote mawili chini ya zege.

Wakangoja. Hata askari waliomshika walijikuta wanangoja. Kimya.

Ving'ora vilikuwa vimefika kwenye kona ya soko.

Ndipo Sajini alipoinuka. Alikuwa amekaa juu ya tofali muda wote huo, anamtazama yule mwanamke. Alitembea mpaka kwa askari, akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti kwa sababu alikuwa na cheo begani na wao hawakuwa nacho.

"Sajini, utaratibu," alisema Kizibao.

"Nitauandikia maelezo," alisema Sajini. Akakohoa kusafisha koo lake lililokauka, akakiweka kinywani.

"Tangazo. Hii ni amri ya serikali. Dobi, wewe uliye chini ya nyumba, unaamriwa ugonge. Wengine wote wanyamaze. Dobi peke yake, gonga mara tatu. Hutachukuliwa hatua yoyote."

Akaweka chini kipaza sauti. Hakutumia hata chombo.

Gon.

Gon.

Gon.

Mtaa ulilipuka. Muuza mkaa alimkumbatia askari. Dereva wa katapila alilalia usukani akalia kama mtoto. Sajini alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea mahema ya jeshi, buti zake zikipiga lami, na hatukujua kama mtu wa umri ule anaweza kukimbia namna ile.

*

Jeki ziliingia. Safari hii hakuna aliyeuliza mtaro. Msafara wa waziri ulifika, ukakuta barabara imezibwa na wanajeshi waliovua mashati, na mheshimiwa, kwa kuwa kamera zilikuwepo, akashuka akasimama na wananchi. Kizibao alimweleza jinsi ofisi yake ilivyogundua uhai. Alieleza vizuri, tena kwa mpangilio.

Jua lilikuwa limeshapinda walipomtoa Dobi. Alitoka kichwa kwanza, mweupe kwa vumbi, mguu umefungwa ubao. Alipomwona mtu mwenye kizibao alijaribu kuinuka kwenye machela amsalimie. Watu walishangilia mpaka sauti zikawakauka. Kidosho alimshika kidole gumba akawa hakiachii.

Mke wa dobi aliinama usoni kwake. "Baba Kidosho. Bimkubwa yuko wapi?"

Dobi alimtazama. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Aliongea kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa.

"Alikuwa ameumia kifuani. Lakini alikuwa mzima, anaongea. Ananituma nimtafutie miwani yake. Lile tangazo lilipokuja mara ya kwanza akataka kuita. Si unaijua sauti ya mama? Angewapasua masikio. Mimi nikamwambia, nyamaza mama, wametuamuru tunyamaze. Kuna mtu wanamtafuta, tusiwaharibie kazi." Akameza mate ambayo hayakuwepo. "Sikujua ni sisi wanaotutafuta. Nikamwekea mkono mdomoni, hivi, taratibu. Akanyamaza. Tangazo la pili likaja, nikamwambia, umeona? Hakunijibu."

Mke wa dobi alikaa chini, pale pale kwenye vifusi. Watu wa nyuma walikuwa bado wanashangilia, kwa kuwa hawakuwa wamesikia. Wanajeshi wawili walitokeza kwenye shimo wamebeba kitu kidogo kilichofunikwa shuka, na waliokuwa mbele wakaacha kupiga makofi, kisha waliofuata, kisha wote.

Kizibao aliona hali inaharibika na mheshimiwa alikuwa hajasema neno. Akapanda juu ya tofali, kipaza sauti mkononi.

"Ndugu wananchi, tunaomba utulivu. Tunaomba kila mmoja anyamaze, mheshimiwa ana—"

"Mama!"

Hatukujua ni nani. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kumsikia Dobi akipaza sauti, hata mteja alipomdhulumu, hata siku ya harusi yake.

"Mama ee! Mama yangu!"

Alikuwa ameketi kwenye machela, mishipa ya shingo imemtoka. Askari mmoja akamsogelea, akainama kwa heshima. "Mzee, tafadhali, subiri kidogo tu mheshimiwa amalize." Kizibao akarudia tangazo. Waziri alikuwa amesimama na karatasi yake mkononi, mdomo umeshafunguka.

Dobi alimtazama askari machoni, akavuta pumzi, akaita tena, kwa nguvu kuliko mwanzo. Mkewe akainuka, akasimama mbele ya machela, akalia naye. Kidosho akafuata, na muuza mkaa, na fundi baiskeli, na mtaa wote ukampokea Bimkubwa kwa sauti zake zote, na waziri hakusikika.